Uko Ujerumani na Ndai? Hivi Ndivyo Vifaa vya Kununua Kabla Ubadilishe Tairi za Winta Mwenyewe

Huku Nairobi tairi hubadilishwa kwa sababu mbili tu: pancha, ama imeisha hadi askari wa trafiki anaiona akiwa ng'ambo ya barabara. Ukifika Ujerumani unapata sababu ya tatu, na hiyo hurudi kila mwaka kama karo. Oktoba unatoa tairi za joto, unaweka za winta. Pasaka ikikaribia unarudisha za joto. Wajerumani wako hadi na msemo wa kujikumbusha, “von O bis O”, yaani kutoka Oktoba hadi Ostern, ambayo ndio Pasaka kwa lugha yao.

Na mbogi ya Wakenya huko inazidi kukua. Septemba 13, 2024 Kenya na Ujerumani ziliweka sahihi mkataba wa mambo ya kazi na uhamiaji pale Berlin, na tangu hapo kila mtaa kuna msee anasoma Kijerumani usiku. Ukishafika, ukishazoea kazi, kitu kinafuata mara nyingi ni gari ya kwanza: Golf ya zamani, Polo, ama Yaris. Mwenye kukuuzia anakuonyesha garaji yake, anatoa tairi nne zingine ziko na rimu zake, anakwambia “hizi ni za winta”. Unafurahi umepata za bure. Halafu Oktoba inafika na hujui pa kuanzia.

Kitu cha kujua mapema ni kwamba hii si kazi ya kutoa tairi kwa rimu na vyuma kama fundi wa pancha. Uko na seti mbili kamili. Unatoa gurudumu zima, unafunga lingine. Ni bolti tano kila upande, mara nne. Mtu yeyote mwenye mikono miwili anaweza, bora awe na vifaa viwili vitatu vya ukweli. Shida ni kwamba maduka yatakuuzia vifaa kumi na tano.

Kwanza, kwani ni lazima?

Sheria ya Ujerumani haitaji tarehe. Inasema barabara ikiwa na barafu, theluji, ama ile uji ya theluji iliyoyeyuka, lazima uwe na tairi za winta. Ukipatikana bila, faini ni euro 60 na pointi moja kwenye rekodi yako ya udereva. Ukiziba njia kwa sababu gari imeteleza, inapanda hadi 80. Tangu Oktoba 1, 2024 tairi inahesabika ya winta tu kama iko na alama ya mlima wenye vilele vitatu na kipande cha theluji ndani yake. Zile za zamani zimeandikwa M+S peke yake hazikubaliki tena, kwa hivyo kabla usherehekee hizo za bure, ziangalie ubavuni.

Angalia pia tarakimu nne mwisho wa kodi inayoanza na DOT. 3518 maana yake ni wiki ya 35 ya mwaka 2018. Halafu chukua sarafu ya euro 2, isimamishe kwa mfereji wa tairi. Ile pete ya fedha ya pembeni ina upana wa milimita 4. Ikionekana, hiyo tairi ya winta imechoka. Kisheria unaruhusiwa hadi milimita 1.6, lakini kwa theluji hiyo ni ndala.

Uswidi wako na tarehe: Desemba 1 hadi Machi 31, hali ya winta ikiwa barabarani. Quebec kule Kanada ni Desemba 1 hadi Machi 15, hakuna mjadala. Kama uko huko, vifaa ni vilevile.

Hesabu ya doh

Garaji za Ujerumani kwa kawaida huchukua kati ya euro 30 na 60 kubadilisha seti yote, bila kubalansi. Mara mbili kwa mwaka. Vifaa vya kawaida vya kufanya hii kazi vizuri vinaweza kukutoka kama euro 120 hadi 180 kwa jumla. Kwa hivyo ndani ya miaka miwili hivi vimejilipa, na bado ni vyako. Oktoba pia foleni za garaji ni noma, unaweza kupewa siku ya wiki tatu mbele na theluji inakuja kesho.

Lakini hiyo hesabu inafanya kazi tu kama utanunua vile vinavyofaa. Ukinunua jeki ya bei ya kutupa ikuangushie gari, hakuna garaji itarudisha mguu wako.

Spana ya toki ndiyo ya kwanza, si jeki

Wengi huanza na jeki. Mimi nasema anza na spana ya toki, ile inapima nguvu unayokazia bolti. Sababu ni hii.

Nguvu ya kukaza hupimwa kwa Newton-mita, huandikwa Nm. Golf 7 inataka Nm 120. Yaris inataka 103. Kuelewa hiyo namba, chukua uzito wa kilo 12 uutundike mwisho wa chuma cha urefu wa mita moja: hapo uko karibu na Nm 120. Si nguvu nyingi, sivyo? Sasa mkumbuke fundi wa pancha wa mtaani. Kilo 70, anapanda kwa spana ya sentimita 40 na uzito wake wote, anaruka kidogo ndio ajihakikishie. Hata bila kuruka, hiyo ni kama Nm 270. Zaidi ya mara mbili ya inayotakikana.

Na watu husema “afadhali ikazwe sana”. Zii. Bolti ikivutwa kupita kiasi inanyooka, nyuzi zake zinaharibika, na diski ya breki inaweza kupinda uanze kusikia usukani unatetemeka ukishika breki. Halafu siku utapata pancha usiku kando ya Autobahn, kilomita 40 kutoka mji, na kile kispana kidogo cha gari, hutafungua hata moja. Ikilegea nayo ni mbaya zaidi: gurudumu linaanza kucheza, bolti zinakatika, na unaona tairi yako ikikupita.

Nunua ya ncha ya nusu inchi, yenye kupima kutoka Nm 40 hadi 200 hivi. Hiyo inatosha gari zote za kawaida. Zinauzwa hadi Lidl na Aldi msimu ukifika, na hakuna aibu kununua hapo, bora iwe na karatasi ya kuonyesha ilipimwa. Makosa ya asilimia 4 juu au chini ni ya kawaida kwa spana za aina hii, na kwa bolti za gari hayadhuru.

Kuna mambo matatu huharibu hii spana. La kwanza, kuitumia kufungua bolti zilizokwama. Hii ni ya kukazia tu. La pili, ikilia “klik” umefika, unaacha. Ile klik ya pili na ya tatu ya kujihakikishia inapitisha kipimo. La tatu, kuihifadhi ikiwa imewekwa 120. Springi ya ndani inachoka. Rudisha kwa namba ya chini kabisa ya kipimo chake kabla uiweke kabatini.

Namba ya gari yako iko kwa kitabu cha gari. Usichukue ya jirani, hata kama gari zinafanana rangi.

Mpini mrefu na soketi

Ya kufungua ni mpini mrefu wa nusu inchi, wa sentimita 60 kwenda mbele. Hauna meno wala akili, ni chuma tu, na ndio maana haufi. Bolti ikikaa miezi sita na chumvi ya barabarani (huko winta humwaga chumvi kuyeyusha barafu) inang'ang'ania. Kwa mpini mfupi utaumia mgongo, kwa mrefu unasukuma tu.

Soketi: gari nyingi za Ujerumani, yaani VW, BMW, Mercedes, ni 17. Ford mara nyingi ni 19. Toyota na Nissan mara nyingi ni 21. Kuna seti za soketi tatu hizo, ndefu, zimefunikwa plastiki nje ndio zisikwaruze rimu. Chukua hiyo. Na ziwe za pembe sita ndani, si kumi na mbili. Za pembe kumi na mbili huruka zikila kona za bolti, na bolti ikishakuwa duara, rafiki yangu, utaimba.

Ile spana ya msalaba bado iko sawa kwa kufungua. Ni bei nafuu na inaingia kwa buti. Lakini haipimi kitu.

Vipi ile mashine ya betri ya kufungua, “trrrrr”, kama ya Formula One? Najua unaitaka. Ni ya mwisho kwa orodha. Inafungua haraka, sikatai, lakini ukikazia nayo hujui umefika wapi, unaweza kuwa 80 ama 250. Kwa mtu anabadilisha mara mbili kwa mwaka, hiyo ni doh ya kuringa. Kama tayari uko nayo, funguia nayo, kisha kukaza maliza na spana ya toki.

Jeki

Ile jeki ndogo ya kukunja inayokuja na gari ni ya dharura. Kitako chake ni kidogo, inayumba, na unazungusha hadi mkono ufe. Magari mengi ya siku hizi hata hayana, yanakuja na chupa ya dawa ya pancha na kapampu tu. Wanaoleta gari kutoka Japani huku kwetu wanajua hii stori: unafungua buti ya Demio ukitafuta spea, unapata povu na matumaini.

Kwa kazi ya nyumbani nunua jeki ya mafuta yenye magurudumu, ile inasukumwa chini ya gari kisha unapampu mkono wake. Ya tani 2 inatosha. Golf haifiki tani moja na nusu, na wewe unainua kona moja kwa wakati. Watu hukimbilia tani 3 kwa sababu inasikika kubwa, kisha wanapata ina kilo nyingi na haiingii kwa keja.

Cha kupima kabla ulipe si tani, ni urefu. Jeki ikiwa chini kabisa iko sentimita ngapi? Gari yako imeinuka sentimita ngapi kutoka ardhini pale pa kuinulia? Kama uko na gari imeshushwa springi, jeki ya kawaida haitaingia, utahitaji ya chini. Kama uko na gari ya juu, swali linageuka: itapanda hadi wapi? Pima na rula kabla uende dukani. Dakika mbili.

Ongeza kipande cha raba chenye mfereji katikati, kinakaa juu ya jeki. Pale chini ya milango gari ina ukingo wa chuma unaosimama wima, na kila gari iko na sehemu zake nne zilizoimarishwa za kuinulia, kitabu kitakuonyesha. Huo mfereji unapokea ukingo ndio usipinde. Ni kitu cha euro chache. Ukiinua nje ya hizo sehemu, utasikia chuma kikilia na hiyo ni kutu ya mwaka ujao.

Stendi na kabari

Jeki ya mafuta inaweza kushuka yenyewe. Raba ya ndani ikipitisha mafuta, gari inateremka polepole ama inateremka ghafla, na haikuulizi. Kwa hivyo kanuni ni moja, hakuna kiungo cha mwili kinaingia chini ya gari iliyo kwa jeki peke yake. Si mkono kuokota bolti, si kichwa kuchungulia.

Ukitaka kuingia chini, stendi mbili za tani 2, na gari ilale juu yake. Chagua zile zinafungwa na pini inayopita katikati ya chuma. Mwaka 2020 duka la Harbor Freight la Marekani lilirudisha stendi zake nyingi kwa sababu meno ya kushikilia yangeweza kuteleza, na baadaye hata baadhi ya zile walikuwa wametoa badala yake zikapatikana na kasoro ya kuchomelewa. Pini haina meno ya kuteleza.

Kwa kubadilisha gurudumu tu, watu wengi hawatumii stendi, na sitajifanya wanatumia. Sehemu ya kuinulia mara nyingi ishachukuliwa na jeki, stendi haina pa kukaa. Cha kufanya basi ni kulaza lile gurudumu umetoa chini ya ukingo wa gari, kando ya jeki. Jeki ikifa, gari inaangukia gurudumu, haikuangukii. Ni bure, na inachukua sekunde tatu.

Kabari za kuzuia tairi, mbili. Breki ya mkono kwa gari nyingi hushika magurudumu ya nyuma, sasa ukiinua la nyuma umepoteza nusu ya hiyo breki. Kabari inaenda kwa gurudumu lililo kona ya mbali na unayoinua. Jiwe la Kenya linafanya hiyo kazi pia, tatizo huko ni kupata jiwe.

Na legeza bolti robo mzunguko gari ikiwa bado chini. Ukianza kusukuma mpini mrefu gari ikiwa hewani, unaisukuma itoke kwa jeki.

Hapa ndipo wageni hukwama

Toyota tulizozoea zina vyuma vimetokeza kwa habu na nati zinafungwa juu yake. Unatundika gurudumu, linakaa lenyewe, unafunga. Gari nyingi za Ujerumani hazina hivyo vyuma. Zina bolti zinazoingia ndani ya habu. Ukitoa ya mwisho, gurudumu la kilo 20 linakuangukia mapajani, na kurudisha ni lazima ulishikilie na goti huku ukitafuta tundu. Dawa ni pini ya kuongozea: chuma laini chenye nyuzi upande mmoja, unakifunga kwa tundu la juu, unateleza gurudumu juu yake, unaweka bolti nne, unatoa pini, unaweka ya tano. Ni kifaa cha bei ndogo kuliko vyote na ndicho utashukuru zaidi. Hakikisha nyuzi zake ni za gari yako. VW nyingi ni M14x1.5.

Bolti zenyewe zina umbo la kukalia. Zingine ni kama koni, zingine ni duara kama mpira. VW za kiwandani ni za duara, lakini rimu nyingi za kununuliwa dukani zinataka za koni. Rimu za winta za chuma na za joto za alumini zinaweza kutaka bolti tofauti hadi urefu. Ukichanganya, zitaingia, zitakaza, na spana italia klik kama kawaida, lakini zimegusa kidogo tu. Muulize aliyekuuzia: “bolti za hizi ziko wapi?”

Alafu kufuli. Magari mengi yako na bolti moja kwa kila gurudumu yenye umbo la ajabu ndio wezi wasiibe rimu. Inafunguliwa na kiungo chake pekee. Gari ya mkono wa pili bila hicho kiungo ni mtego, hubadilishi kitu. Kabla ulipe gari, kione kwa macho. Mara nyingi kimefichwa buti, chini ya zulia, ama kwa droo ya mbele.

Vidogo vidogo

Burashi ya waya ya kusugua kutu pale habu inagusana na rimu. Kutu ikibaki hapo, gurudumu halikai sawa na bolti zinalegea baadaye. Usipake mafuta kwa nyuzi za bolti ukidhani unasaidia. Zikiteleza, ile namba ya toki haina maana tena, unakuwa umezikaza kupita. Gurudumu likigandana na habu, nyundo ya raba, unagonga tairi kutoka upande wa ndani, ukizunguka.

Geji ya presha unaweza kuruka, vituo vya petroli vina hewa. Gari mpya zote Ulaya tangu Novemba 2014 lazima ziwe na mfumo wa kukuonya presha ikishuka, kwa hivyo baada ya kubadilisha taa inaweza kuwaka. Kwa zingine unabonyeza tu kuweka upya, kwa zingine kila rimu inataka kihisi chake, na hizo za bure zinaweza kukosa.

Pa kufanyia

Kama unaishi ghorofa, soma mkataba wa nyumba kwanza, kuna wenye nyumba hawataki kazi za gari kwa uwanja wao. Miji mingi iko na Selbsthilfewerkstatt, garaji unakodi kwa saa, gari inapandishwa kwa lifti na vifaa vyote viko. Kama huna pa kuweka jeki wala pa kuficha tairi nne, hiyo ni form safi kuliko kununua kila kitu. Usifanyie kwa nyasi, changarawe, ama mteremko.

Ukimaliza, bolti zinakazwa kwa mtindo wa nyota, moja kisha ya mkabala wake, kidogo gari ikiwa hewani, kisha zote na spana ya toki tairi zikigusa chini. Endesha kilomita 50 hadi 100, simama, zipitie tena zote.

Zile umetoa, ziandike kwa chaki: VL mbele kushoto, VR mbele kulia, HL nyuma kushoto, HR nyuma kulia, ndivyo garaji za huko huandika. Osha chumvi, zikauke, zilaze moja juu ya nyingine mahali pakavu pasipo jua. Tairi bila rimu ndio husimamishwa, hizi zenye rimu hulazwa. Na kile kiungo cha kufuli kirudi kwa droo ya gari siku hiyo hiyo.